Masafa ya Redio ya Chuo Hayauzwi

Kila ikitajwa redio ya chuo, hakosekani mtu wa kusema: masafa yauzwe, wanafunzi wahamie mtandaoni, siku hizi nani anasikiliza redio? Hoja hiyo inanikera sana.

Redio hizi zilianzishwa na vijana wenyewe. Mwaka 1936, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliunganisha mabweni kwa nyaya wakaanza kutangaziana. KTRU ya Chuo Kikuu cha Rice, Houston, nayo ilizaliwa bwenini, mwaka 1967, ikakua hadi kurusha matangazo kwa wati 50,000. Kisha mwaka 2010 uongozi wa chuo ukatangaza kuiuza kwa dola milioni 9.5, wanafunzi waliokuwa wakiiendesha hawajashirikishwa. Walipinga, wasikilizaji wakapinga, na bado mauzo yakapita. Waliporudi FM mwaka 2015, walirudi na leseni ya nguvu ndogo, ambayo ukomo wake ni wati 100.

Sikatai, mtandao unafika mbali. Lakini haumfundishi mtu kile anachofundishwa na matangazo ya moja kwa moja. Mfikirie mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, usiku, peke yake studio. Wimbo unakatika ghafla. Kimya. Huko nje kuna dereva wa lori asiyemjua, anasubiri. Inabidi afungue maikrofoni aseme jambo la maana, huku mkono mwingine ukitafuta wimbo unaofuata. Hakuna kufuta, hakuna kurekodi upya. Darasa la namna hiyo utalipata wapi?

Na wanayorithishana je? Kwenye maktaba za santuri za redio hizi utakuta majalada yamebandikwa vikaratasi vya watangazaji waliotangulia: huu upigwe, huu una matusi, usiguse. Hao ndio waliopiga nyimbo za wasanii wasiojulikana, ambao redio za biashara ziliwaona hawana faida. Marekani ilitenga masafa ya FM ya megahezi 88 hadi 92 kwa redio zisizo za biashara ili kazi ya namna hiyo ipate nafasi. Katika mji mkubwa ambako masafa yamejaa, ukishauza yako ni vigumu mno kupata mengine.

Bodi ya chuo inayofikiria kuuza iwaite wanafunzi mezani kabla ya kumtafuta mnunuzi, na iwaonyeshe hesabu zote.