Shankha kwenye duveti

Shankha ni gamba la kome wa Bahari ya Hindi, Turbinella pyrum. Likikatwa ncha hupulizwa kama baragumu, na sauti yake husikika hekaluni na majumbani wakati wa ibada ya Kihindu. Mungu Vishnu mwenyewe huchorwa akiwa amelishika. Siku hizi picha yake imechapwa kwenye maduveti na foronya zinazouzwa mtandaoni, na watu wanabishana: ni pambo tu, au ni kuidharau imani ya wenzao?

Wanaoitetea biashara hii wana hoja nzito kuliko wanavyodhani. Husema picha si kitu chenyewe, basi, wameishia hapo. Wangeuliza wangegundua kwamba shankha halijawahi kufungiwa hekaluni. Wanawake wa Kihindu wa Bengal, eneo la Asia Kusini, walioolewa huvaa bangili zilizochongwa kwenye gamba hilohilo, wakapika na kufua wakiwa nazo mkononi. Chama cha Biju Janata Dal cha jimbo la Odisha nchini India kimelifanya alama yake ya uchaguzi. Kwa Wabuddha wa Tibet ni mojawapo ya alama nane za heri, nazo hupamba hata mapazia ya milangoni. Kwa hiyo anayesema kitu kitakatifu hakipaswi kukaa kwenye kitambaa cha nyumbani ana kazi ya kujieleza.

Ila hukohuko Bengal kuna namabali, kitambaa kilichochapwa majina ya miungu. Hujitandwa mabegani, wala huoni mtu akikikalia. Hapo ndipo ninapoona kiini cha ugomvi: kinachowauma watu ni nyayo. Mwaka 2017 Sushma Swaraj, waziri wa mambo ya nje wa India, alikuja juu kwa sababu mazulia ya mlangoni yenye bendera ya nchi yake yaliuzwa kwenye tovuti ya Amazon ya Kanada, na yakaondolewa. Bendera si kitu cha ibada, lakini hasira ilikuwa ya aina hiyohiyo. Kwa kipimo hicho foronya ina nafuu, maana hukaa kichwani. Shuka ya kulalia haina utetezi. Duveti iko katikati, kwa kuwa hufunika mwili mzima, miguu ikiwemo, na usiku wa joto hupigwa teke hadi sakafuni.

Mimi ningemruhusu mtengenezaji auze, ila nina neno naye kuhusu jambo ambalo halisemwi. Mchoro wa shankha ni alama. Picha ya kamera ni gamba fulani, na magamba hayo yana upande. Karibu yote hujizungusha kuelekea upande mmoja. Machache mno huzunguka kinyume, huitwa dakshinavarti, na waumini huyahusisha na Lakshmi, mungu wa kike wa neema. Ni adimu hivi kwamba ya bandia huuzwa kwa wasiojua. Sasa mbunifu anayetaka magamba mawili yatazamane juu ya kitanda huchukua picha moja na kuigeuza kama kwenye kioo. Kubofya mara moja tu, na gamba la kawaida limekuwa dakshinavarti. Mnunuzi aliyejiambia hili ni kome tu la ufukweni amejifunika, bila habari, lile la Lakshmi.