Macho ya rubani wa kivita: mlango hulegea marubani wanapoadimika

Tarehe 7 Agosti 1942, juu ya Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki, rubani wa Kijapani Saburo Sakai aliona kundi la ndege za Wamarekani akadhani ni za kupigana angani. Akazinyemelea kwa nyuma. Kumbe zilikuwa za mabomu, kila moja na mpiga bunduki anayetazama nyuma, na risasi zikamvaa usoni. Jicho la kulia likaharibika. Huku damu ikimtiririka aliirudisha ndege yake hadi kambini Rabaul, safari ya kilomita kama 1,000 iliyomchukua saa nne na dakika 47. Jeshi lake likamwondoa vitani, likampa kazi ya kufundisha vijana.

Kufikia 1944 Japani ilikuwa imeishiwa marubani wazoefu. Sakai akarudishwa kupigana akiwa na jicho moja. Mwezi Juni, karibu na Iwo Jima, alijiunga na kundi la ndege akidhani ni za wenzake, na zilikuwa Hellcat za Marekani. Alichomoka, lakini kwa tabu.

Anayetaka masharti makali ya macho ataishika nusu ya pili ya kisa hiki. Mimi huwa nawakumbusha watu nusu ya kwanza: siku aliyoumia alikuwa na macho mawili mazima, tena yaliyosifika kwa ukali, na alikosea vilevile. Lakini kuna jambo la tatu ambalo naliona kubwa kuliko hayo mawili. Kati ya 1942 na 1944 jicho la Sakai halikupona hata chembe. Kilichobadilika ni hesabu ya marubani waliobaki.

Hapo ndipo ninapoanzia kila kijana anaponiuliza kama miwani imemfungia ndoto ya kurusha ndege ya kivita.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana hutajwa sana na hueleweka kidogo. Ile chati ya herufi ukutani ilibuniwa na daktari wa Kiholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Ukiambiwa una 6/6, maana yake ukiwa mita sita unasoma kile ambacho mtu wa kawaida anakisoma akiwa mita sita. Wamarekani hupima kwa futi, wakaita 20/20. Jeshi la Anga la Marekani kwa miaka mingi limekubali mwombaji wa urubani afike hadi 20/70 akiwa bila miwani, yaani kama 6/21 kwa hesabu yetu, mradi akivaa miwani asome 20/20. Kwa hiyo ule usemi wa mitaani kwamba rubani wa kivita lazima awe na macho ya mwewe tangu kuzaliwa si kweli hata kwa jeshi linalorusha ndege za kivita za F-22. Na akishafuzu, uoni wake bila miwani unaruhusiwa kushuka chini zaidi ya hapo, almuradi lenzi zinaurekebisha.

Mlango wa kuingilia ni mwembamba kuliko chumba chenyewe. Wengine huona ni unafiki. Mimi naona ni hesabu ya fedha. Utafiti wa 2019 wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulikadiria kuwa kumfikisha rubani mmoja kwenye F-16 kunagharimu Marekani dola milioni 5.6, na kwenye F-22 dola milioni 10.9. Macho ya kijana wa miaka 21 bado yanaweza kuendelea kushuka, kwa hiyo jeshi linataka akiba. Rubani wa miaka 35 ameshalipiwa, na kumtupa kwa sababu ya miwani ni hasara.

Wanaotetea ukali wana hoja nyingine nzito kuliko fedha. Ndege ikikata kona kwa nguvu, mwili hubanwa hadi mara tisa ya uzito wake. Miwani ya gramu 30 inageuka gramu 270 juu ya pua, huku kofia ikisukuma na jasho likiteleza. Isitoshe, jicho ndilo linalozimika kwanza. Ndani ya jicho mna shinikizo lake, hivyo damu iliyopungua nguvu hushindwa kuingia kwenye retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kabla haijashindwa kufika ubongoni. Rubani huona rangi zinafifia, kisha anaona kama yuko ndani ya bomba, kisha giza, na bado ana fahamu zake.

Kisha kuna rangi. Alfajiri ya 26 Julai 2002, kabla jua halijachomoza, Boeing 727 ya mizigo ya FedEx ilianguka kabla ya kufika njia ya kutua huko Tallahassee, Florida. Taa za pembeni mwa njia humwambia rubani kimo cha ndege yake kwa rangi: zote zikiwa nyekundu, uko chini mno. Wachunguzi walitaja uchovu, walitaja taratibu zilizorukwa, na walitaja pia kwamba msaidizi wa rubani aliyekuwa akiiongoza ndege alikuwa na kasoro ya kutofautisha rangi. Alikuwa na cheti halali cha afya. Wote watatu walinusurika. Kwa kasoro hii sioni pa kulegeza, maana leza haiirekebishi.

Upande wa pili, wa wanaotaka masharti yalegezwe, una hoja bora zaidi pale ulipokuja na vipimo badala ya malalamiko. Hofu ya zamani dhidi ya upasuaji wa macho haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1996 mpanda mlima Beck Weathers, aliyewahi kuchanjwa konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) kwa kisu ili aache miwani, alipoteza uoni akiwa juu sana kwenye mlima Everest kwa sababu konea iliyochanjwa hubadilika umbo hewa inapokuwa nyepesi. Upasuaji ule wa kisu haukubaliki kwa rubani wa kijeshi wa Marekani. Ulipokuja wa leza, madaktari wa jeshi waliuliza swali lilelile. Kwa LASIK, aina mojawapo ya leza, waliongeza jingine: ule utando wa konea unaokatwa na kufunikwa tena, utabaki mahali pake rubani akifyatuka na kiti nje ya ndege kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa saa?

Aliyesaidia sana kulijibu ni Steven Schallhorn, rubani wa zamani wa kivita wa Jeshi la Majini aliyesomea udaktari wa macho. Huko San Diego, miaka ya 1990, alianza kuwapima wanajeshi waliofanyiwa PRK, njia ya leza isiyoacha utando. Matokeo yalifungua njia. Mwaka 2007 Jeshi la Anga likaacha kumkataa moja kwa moja mwombaji aliyefanyiwa LASIK, na mwaka huohuo NASA ikaikubali kwa wanaanga. (Waliolalamika ni watu wa nyambizi. Zamani vijana wengi wenye macho mabovu walikuwa wakiangukia kwao. Leza ikawapokonya.)

Je, ni ushahidi peke yake uliofungua mlango? Sidhani. Katika miaka iliyofuata mashirika ya ndege za abiria yameendelea kuwanyakua marubani wa kijeshi, na Jeshi la Anga la Marekani limekuwa likitaja upungufu wa karibu marubani 2,000. Limelegeza masharti ya urefu wa mwili, likapandisha umri wa kujiunga. Ushahidi ulikuwa ufunguo, lakini uhaba ndio uliousukuma mkono.

Hilo linawahusu vijana wetu moja kwa moja. Jeshi lenye ndege chache za kivita, kama zile za Nanyuki au Ngerengere, halina haja ya kubembeleza. Waombaji wakijaa uwanja mzima kwa nafasi za kuhesabika kwa vidole, ukali wa daktari haulipunguzii jeshi kitu. Kijana wa Kisumu au Tabora asidhani kwamba kilichokubaliwa Marekani kitakubaliwa kwao. Na aliye Minnesota au Texas kwa kadi ya kijani ajue kwamba kabla ya macho kuna uraia, kwani rubani wa Jeshi la Anga la Marekani ni ofisa, na ofisa lazima awe raia.

Kinachonitia hofu zaidi ni kuficha. Mlango ukiwa mwembamba bila maelezo, watu hukariri chati, huvua lenzi asubuhi ya kipimo, hukimbilia leza ya bei nafuu bila kutunza vipimo vya kabla ya upasuaji. Jeshi la Marekani litavitaka vipimo hivyo, na aliyekuwa na kutoona mbali kwa zaidi ya dayopta -8.00 (kipimo cha nguvu ya lenzi) hata leza haimwokoi. Katika kambi ya Wright-Patterson, Ohio, ambako waombaji wa urubani wa Jeshi la Anga la Marekani hupimwa, wapimaji huweka matone yanayolegeza msuli wa lenzi, na hapo kijana aliyesoma chati yote bila shida hugundulika kuwa macho yake yamekuwa yakijikaza miaka yote kuficha kasoro. Wengine hujua siku hiyo, barua ya kuchaguliwa ikiwa tayari mfukoni.

Kichefuchefu cha angani, ambacho wengi hukionea aibu kuliko miwani, kina tiba ya mazoezi: mwanafunzi anakalishwa kwenye kiti kinachozunguka, siku baada ya siku, hadi mwili uzoee. Miwani ina leza. Miaka kumi ya utumishi ambayo rubani wa Jeshi la Anga la Marekani hudaiwa baada ya kupata mabawa haina tiba, na sijawahi kuulizwa habari zake na kijana yeyote.