Seva kubwa haitapunguza foleni

Mwisho wa mwezi, sacco moja hapa Kisumu hujaa walimu wastaafu, wengine wamekalia ngazi, vitabu vya akiba mkononi. Dirishani jibu ni lile lile: sistimu imelala. Sasa tunaambiwa dawa ni seva kubwa zaidi. Limenikera sana hilo, maana hakuna aliyekaa chini akachora kazi yenyewe inavyopita.

Ichoreni! Namna ipo tangu 1962, Carl Adam Petri alipoandika tasnifu yake Ujerumani: neti ya Petri, mchoro wa maduara yenye tokeni (vidoti vya kuhesabia vilivyomo) na vijiti (hatua za kazi), vikiunganishwa kwa mishale. Weka duara la maombi yanayosubiri, na duara la koneksheni zilizo huru, yaani njia za kuingia kwenye hifadhidata ya akaunti, tuseme tokeni 20. Kijiti cha kuanza kazi hakifyatuki mpaka maduara yote mawili yawe na tokeni. Ombi likishika koneksheni, linaenda nje kuuliza huduma ya pesa za simu, na huku koneksheni halijaiachia. Jibu likichukua wastani wa sekunde 2, hizo 20 haziwezi kupitisha zaidi ya maombi 10 kwa sekunde. Huduma ya nje ikizidiwa, jibu likaja baada ya sekunde 10, yanapita 2 tu. Prosesa haina kazi, na mwalimu bado yuko kwenye ngazi. Seva mpya itamsaidia nini? Muamala uandikwe kwanza kuwa unasubiri, koneksheni iachiwe, ichukuliwe tena jibu likirudi. Kwenye mchoro ni mishale michache tu inayobadilika.

Kisha kipe kila kijiti kasi yake. Muda ukifuata mgawanyo wa eksponenshali (muda uliokwisha kusubiriwa haubadilishi uliobaki), neti nzima ni mnyororo wa Markov, yaani hatua ijayo inategemea hali ya sasa tu, nawe unakokotoa uwezekano wa koneksheni zote kushikwa kabla hujatumia hata shilingi. Marsan, Balbo na Conte waliongeza vijiti vya papo hapo, visivyochukua muda, mwaka 1984, na programu ya GreatSPN kutoka Torino inafanya hesabu hiyo.

Haya, nakubali: tokeni zikizidi, hali, yaani namna tokeni zinavyoweza kukaa kwenye maduara, zinaongezeka kupita kiasi, na muda halisi hautii eksponenshali kila mara. Basi fanyeni simulesheni, kompyuta iige kazi hiyo. Bado ni afadhali kuliko kukisia na akiba za watu.

Wanachama, kabla bodi haijatia sahihi, ulizeni kwenye mkutano mkuu: koneksheni ni ngapi, na kila moja hushikwa sekunde ngapi? Logi, yaani rekodi za kazi, za seva hii hii ya sasa zinaweza kujibu.