Ujanja nilisafiri nao, busara nilianza upya

Nyumbani nilihesabiwa kuwa mtu mwerevu. Nilijua "njoo kesho" ipi ni ahadi na ipi ni kukataliwa kwa adabu. Niliamini werevu huo ni wangu, popote niendapo ninao.

Mwaka wangu wa kwanza ughaibuni nilipanga chumba. Mwenye nyumba, mtu mkunjufu, alinipa mkono akasema nikitaka kuhama wakati wowote tutaelewana. Nikamsoma uso kama nilivyozoea, nikaridhika, nikatia sahihi kurasa sita nilizopitia juu juu. Miezi minne baadaye nikapata kazi mji mwingine. Akafungua ukurasa wa nne, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: anayehama kabla ya mwaka kwisha harudishiwi amana. Sidhani alikusudia kunidanganya. Kwake yale ya mdomoni yalikuwa ukarimu tu; makubaliano yalikuwa kwenye karatasi.

Tukiumia hivyo, wengi wetu husema watu wa huku hawana utu. Tukishazoea, tunageuka kuwadharau walio nyumbani kwamba hawajui hata kusoma mkataba. Nayakataa yote mawili. Shangazi yangu hakusoma sana, lakini mtu akija kukopa, humwacha aongee mpaka maneno yamwishie, kisha bado husubiri. "Mwanangu," aliwahi kuniambia, "la kweli huja mwisho." Ile karatasi nayo nilipaswa kuiacha iseme mpaka mwisho.

Neno busara tumelipata kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kuona. Ndiyo maana naona tunakosea tunapomsifu mjanja kana kwamba ndiye mwenye busara. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alikwisha kuvitenganisha zaidi ya miaka 2300 iliyopita: ujanja ni uwezo wa kufikia lengo lolote, jema au baya, busara haikai bila lengo jema. Akaongeza jambo linalonigusa zaidi, kwamba kijana anaweza kuwa hodari wa jometri lakini si wa busara, kwa sababu busara hushughulika na mambo mojamoja ya maisha, na hayo hujulikana kwa kuyaishi. Mhamiaji hata akiwa na mvi ni kijana tena. Anahitaji muda, na anahitaji mtu wa kumwuliza bila aibu.

Likizo iliyopita ndugu yangu alitaka tununue kiwanja pamoja. Safari hii nilisoma kila mstari. Karatasi zilikuwa safi, mihuri yote ipo, na kalamu nilikuwa nayo mkononi. Shangazi, aliyekuwa kimya muda wote, akamgeukia muuzaji: "Na ndugu zako wanajua unauza?"

Yule bwana akatazama chini. Shangazi akasubiri. Nikafunika kalamu.