Soka la Maccabiah na swali la nani anaruhusiwa kucheza

Kila Maccabiah inapokaribia, hoja ni ileile: mpira ni wa watu wote, sasa inakuwaje kuwe na mashindano ya soka ya wanaume ambayo kuingia kwake kunategemea umezaliwa na nani? Michezo hiyo hufanyika Israel kila baada ya miaka minne, na hukutanisha Wayahudi wa mataifa mengi pamoja na raia wa Israel wa dini yoyote. Mwaka 2017 walifika wanamichezo wapatao 10,000 kutoka nchi takriban 80. Ile iliyopangwa Julai 2025 iliahirishwa hadi 2026, baada ya vita vya Israel na Iran kuzuka mwezi Juni.

Hoja hiyo ni ya haki. Kasoro yake ni kwamba inaanzia katikati ya habari, kana kwamba Wayahudi waliamka siku moja wakaamua kujitenga na wenzao uwanjani.

Walikuwa uwanjani na wenzao tangu mwanzo. Kwenye Olimpiki ya Stockholm ya 1912 Ujerumani iliifunga Urusi 16-0, na mabao 10 kati ya hayo yalikuwa ya mtu mmoja, Gottfried Fuchs, Myahudi wa Karlsruhe. Mwenzake wa klabu, Julius Hirsch, aliichezea Ujerumani mechi 7, kisha akapigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa nchi yake hiyohiyo. Klabu yao, Karlsruher FV, ilikuwa bingwa wa Ujerumani 1910. Aprili 1933, Wanazi wakiwa wameshika madaraka, klabu kubwa za kusini mwa Ujerumani zilitangaza kuwaondoa Wayahudi. Hirsch aliisoma habari hiyo gazetini, akaiandikia klabu yake barua ya kujitoa. Akaenda kucheza na kufundisha katika klabu ya Kiyahudi ya mji huohuo, kwa sababu ndiyo iliyobaki kumpokea. Mwaka 1943 akapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na hakurudi. Fuchs alikimbia, akaishia Kanada.

Kule Austria ilikuwepo Hakoah Vienna, klabu ya Wayahudi iliyoichapa West Ham 5-0 huko London mwaka 1923 na kutwaa ubingwa wa Austria 1925. Wanazi walipoingia 1938, waliivunja.

Kwa hiyo tunapouliza kwa nini Wayahudi walijitengenezea mashindano yao, tutazame kwanza miaka. Maccabiah ya kwanza ilifanyika Tel Aviv 1932, ya pili 1935, na baada ya ile ya pili wanamichezo wengi hawakurudi makwao Ulaya, walibaki hukohuko. Ya tatu ilipangwa 1938. Ikafanyika 1950. Mimi hukwama kwenye pengo hilo la miaka 15 kuliko kwenye takwimu nyingine yoyote ya michezo hii. Kijana wa miaka 20 aliyecheza 1935 alikuwa na 35 michezo iliporudi, yaani umri wa kutundika viatu, ikiwa alikuwa bado hai. Waliorudi nyumbani Ulaya, wengi wao hatuwezi kuwahesabu miongoni mwa wastaafu.

Wapo watakaosema hayo yamepita, na leo hakuna klabu kubwa inayomkataa mchezaji kwa kuwa ni Myahudi. Ni kweli. Lakini mtazame Benny Feilhaber. Babu yake aliikimbia Austria 1938, mwaka uleule Hakoah ilipovunjwa, akahamia Brazil. Mjukuu akazaliwa Rio de Janeiro, akakulia Marekani, na 2005 akaivalia Marekani jezi kwenye Maccabiah na kupata medali ya fedha. Alikuwa pamoja na Jonathan Bornstein, ambaye baba yake ni Myahudi na mama yake ana asili ya Mexico. Miaka mitano baadaye wote wawili walikuwa Afrika Kusini na kikosi cha Marekani kwenye Kombe la Dunia. Hawa hawakwenda Maccabiah kwa kukosa pa kuchezea. Na hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba kucheza humo kuliwafanya wawe wachezaji wa Wayahudi peke yao. Feilhaber ndiye aliyefunga bao la ushindi dhidi ya Mexico katika fainali ya Gold Cup ya 2007, kombe la mataifa ya Amerika Kaskazini, ya Kati na Karibiani, na Wamarekani wa kila aina walilishangilia.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya nasaba, nayo ni mahali. Raia Waarabu wa Israel wanaruhusiwa kushiriki. Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na Gaza hawamo, wakati nchi yao ni mwanachama wa FIFA tangu 1998. Agosti 2025 aliuawa Suleiman al-Obeid, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa ya Palestina. Shirikisho la soka la kwao lilisema alikuwa akisubiri msaada kusini mwa Gaza. Anayeshindwa kushangilia mechi za Tel Aviv au Haifa akikumbuka hilo simlaumu hata kidogo, na sitaki historia ya Hirsch itumike kumnyamazisha. Lakini lawama hiyo inaihusu dola na vita vyake. Kuihamishia kwa kijana wa Buenos Aires au Manchester aliyekwenda kucheza chini ya jina la jamii yake ni kumhukumu kwa nasaba, jambo lilelile wakosoaji wanalolipinga.

Ninachokiona kuwa kasoro ya kweli ya soka la Maccabiah ni pesa. Timu nyingi za nje huwataka wachezaji wachangie gharama zao wenyewe, na kwa Marekani mchango huo hufika maelfu ya dola. Mwenye kipaji asiye na fedha hubaki nyumbani, na nafasi yake huchukuliwa na mwenye uwezo. Ikiwa michezo hii ilizaliwa kwa ajili ya waliokataliwa, hapo ndipo waandaaji wanapodaiwa jibu.