Mpeni Hujaji Lugha Yake

Kazi yangu siku ile, kwenye kituo cha hija cha Kikatoliki, ilikuwa ndogo: kupanga foleni ya kitubio, yaani ya watu waliokuja kuungama kwa padri, na kuwaonyesha mlango. Akaja mama mtu mzima, rozari ameizungusha kiganjani kwa nguvu hadi shanga zimeacha alama kwenye ngozi. Alisubiri zaidi ya saa nzima. Zamu yake ilipofika aliingia, na dakika mbili hazikuisha akatoka. Padri hakujua lugha yake, naye hakujua ya padri. Alikuja na mzigo wake kutoka mbali, akaondoka nao.

Tangu hapo naamini kwamba huduma ya kwanza ya kituo cha hija ni lugha. Misa zipo, kuabudu Ekaristi kupo, Mpako wa Wagonjwa upo, na vyote navipenda. Lakini hayo yanamfikia vipi mtu asiyeelewa anachoambiwa?

Mama Maria mwenyewe alitutangulia katika hili. Bernadette Soubirous wa Lourdes, Ufaransa, alipotokewa naye mwaka 1858, alikuwa na miaka 14, mtoto wa msaga nafaka aliyefilisika. Kifaransa kilimpiga chenga. Alichokijua ni lahaja ya kwao chini ya milima ya Pirenei. Tarehe 25 Machi, Bibi yule alipojitambulisha kuwa ndiye Mkingiwa Dhambi ya Asili, alisema kwa lahaja hiyohiyo, na hadi leo maneno hayo yameandikwa vilevile chini ya sanamu yake pangoni. Tena alimsemesha kwa heshima anayopewa mtu mkubwa, jambo lililomshangaza binti aliyezoea kudharauliwa. Na mapokeo ya Meksiko yanasimulia kwamba mwaka 1531, pale kilima cha Tepeyac, alizungumza na Juan Diego, mwenyeji wa huko, kwa Kinahuatl, lugha ya watu waliokuwa wametoka kushindwa vita.

Lourdes wamelishika somo hilo. Kwenye maandamano ya mishumaa ya jioni, rozari husaliwa kwa lugha mbalimbali. Anayeongoza anaanza Salamu Maria kwa lugha yake, nawe unaitikia "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu" kwa yako. Hakuna anayemsubiri mkalimani. Kwangu mimi hii inapita mbali zile Misa ambazo kila tangazo hurudiwa mara nne hadi watoto wanasinzia. Wapo pia watu wa kujitolea wa udugu mmoja wa hapo Lourdes, ulioanzishwa mwaka 1885 kuhudumia wagonjwa, wanaotoka mataifa mengi. Kusukuma kiti cha magurudumu hakuhitaji maneno mengi, na urafiki mwingi wa kweli huanzia hapo. Kuungama ndiko kunakohitaji maneno.

Sasa niseme linaloniuma. Vituo vingi huzikumbuka jumuiya za wahamiaji siku ya sikukuu: njooni na ngoma, njooni na mavazi yenu, pikeni. Vipaji vinapelekwa altareni kwa kucheza, picha zinapigwa, watu wanafurahi. Nami nafurahi, kwa maana ngoma ni sala. Ila kikao cha Jumatatu kinapokaa, waliozunguka meza ni walewale. Nani apangiwe kusoma masomo, nani ashike funguo za sakristia, fedha za sadaka zitumikeje, yote yanaamuliwa na kundi moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamesali hapo miaka mingi, watoto wao wamebatizwa hapo, na bado wanapewa mkeka wa wageni. Wapeni jembe! Wawe katekista, wawe wahasibu, wawe viongozi wa halmashauri walei.

Najua hofu iliyopo: kila watu wakiwa na Misa ya lugha yao tutagawanyika. Nilichokiona mimi ni kinyume. Mtu aliyeungama vizuri na kuimba tenzi za nyanya yake asubuhi, mchana huja kwenye Misa ya pamoja akiwa na nafasi moyoni ya kuimba za mwenzake. Aliyenyamazishwa hukaa benchi la mwisho, kisha siku moja haji tena.

Jioni ile nilimsimulia sista mmoja habari za yule mama. Akaniuliza ni wa lugha gani, nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Kumbe padri anayeijua alikuwepo tangu asubuhi, kwenye kanisa dogo la nyuma, akipanga viti.