Kabla ya Kushika Raba

Ukipita kati ya nyumba za mtaa wetu wa Migosi, hapa Kisumu, mwendo wa saa moja jioni, hukosi kumsikia mzazi anayemfokea mtoto kwa sababu ya hesabu, na kwa muda mrefu sauti mojawapo ilikuwa yangu.

Binti yangu yuko Gredi ya 4. Jioni moja alitoa 27 kutoka kwa 52 akapata 35, nami nikachukua raba, nikafuta, nikamwandikia 25 na kumwambia awe makini. Kesho yake alileta 61 kutoa 38, jibu 37. Safari hii nilikunja mikono nikamuuliza amefikaje hapo. Alinieleza, bila wasiwasi wowote, kwamba moja haiwezi kutolewa nane, kwa hiyo yeye huanza na tarakimu iliyo kubwa: nane kutoa moja ni saba, sita kutoa tatu ni tatu. Kumbe hakuwa mzembe. Alikuwa na kanuni yake, na aliifuata kwa uaminifu. Ubovu ulikuwa katika kanuni yenyewe, nami kwa raba yangu nilikuwa nimefuta ushahidi wa pekee ambao ungenionyesha tatizo liko wapi.

Tulirudi kwenye ile 52 kutoa 27, tukamwaga mezani sarafu tano za shilingi kumi na maharagwe mawili, kila haragwe likihesabiwa kuwa shilingi moja, nikamwomba anilipe shilingi 27. Alitazama maharagwe yake mawili, akasukuma sarafu moja upande wangu na kusema, "Baba, nichenjie." Nikampa maharagwe kumi. Sasa alikuwa na sarafu nne na maharagwe kumi na mawili. Alinihesabia saba, akaongeza sarafu mbili, akabaki na 25. Tangu siku hiyo nimelitilia shaka neno "kukopa" tulilofundishwa sisi wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, kwa maana kitu kilichokopwa hurudishwa, na ile kumi hairudi kamwe. Mtoto aliyewahi kutumwa dukani anajua vyema kuchenji ni nini: pesa ni zile zile, zimebadilika umbo tu.

Lugha nayo ina lawama yake. Vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mtoto hushindwa na sentensi kabla hajashindwa na hesabu. Akiulizwa Akinyi mwenye maembe 18 amemzidi kwa mangapi Otieno mwenye 11, wangu huliona lile neno la Kiingereza lenye maana ya "zaidi" na kujumlisha papo hapo, 29. Nikimsimulia swali hilo hilo kwa Kiswahili, hujibu saba kabla sijamaliza (ingawa nakiri kwamba "kuzidi" nako kuna mtego, maana siku moja alitaka kuzidisha).

Nilikuwa pia nimempiga marufuku kuhesabu kwa vidole, nikidhani ni utoto, hadi nyanya yake alipotutembelea na kuanza kuhesabu naye kwa Dholuo. Sita ni auchiel, na ukilisikiliza vizuri utasikia abich na achiel, yaani tano na moja, vimeshikana. Saba ni abiriyo, tano na mbili. Mkono mmoja umejaa, mwingine umeanza. Ishirini ni piero ariyo, makumi mawili, na hapo thamani ya nafasi imo ndani ya neno lenyewe, waziwazi kuliko katika "ishirini" yetu ya Kiswahili. Marufuku yangu iliondolewa mchana ule ule.

Wapo watakaodhani ninapinga kukariri. La hasha. Jedwali la kuzidisha likaririwe, tena kwa sauti, kwa sababu mtoto anayetafuta saba mara nane kwa dakika nzima husahau alichokuwa akikitafutia. Ninachotaka ni awe na njia ya kurudi akipotea: saba mara saba ni 49, ongeza saba, 56.

Kaka yake wa Gredi ya 6 ana ugonjwa tofauti: anajua kukokotoa, lakini hajiulizi jibu lake lina maana gani. Wanafunzi 30 wanasafiri kwa matatu za abiria 14. Je, zinahitajika matatu ngapi? Aliandika mbili, masalio mawili. Nikamuuliza kama hao wawili watatembea kwa miguu hadi Ahero. Alicheka, kisha akaandika tatu, na nadhani kicheko kile kilimfaa kuliko hotuba yoyote ambayo ningempa.

Majirani hunishauri niwapeleke tyusheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, lakini hata bila sheria hiyo ningesita, kwa kuwa mtoto aliyekaa darasani tangu asubuhi hahitaji darasa jingine usiku. Dakika ishirini mezani, simu ikiwa mbali kwa sababu ya kikokotoo chake, zinatosha. Baada ya hapo tunafunga daftari hata kama kazi haijaisha.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wenzangu hawalikubali kwa urahisi. Swali likitushinda, huliacha jibu la binti yangu kama alivyoliandika, kosa likiwa wazi, na pembeni naandika kwa penseli jinsi alivyofikiri. Mwalimu mwenye rundo la madaftari, akiona kurasa zote ziko sahihi kwa sababu baba alizisahihisha usiku, ataamini somo limeeleweka na kuanza mada mpya asubuhi.